Winga Aliyekatazwa Kufa

Asalaam aleikum kwa upande ule, na Bwana asifiwe kwa upande huu. Walioketi katikati, nawasalimu pia, hamjambo. Mama mwenyekiti amenipa nafasi na amenikumbusha sheria ya kikundi chetu cha walioacha chupa, kwamba hapa hatutaji jina la mtu. Kwangu sheria hiyo ni nafuu, maana haya nikiyasema na majina, wengine mtatoka hapa mkapigane huko nje. Nitasema mwenye timu, nitasema katibu, nitasema marehemu, basi. Atakayejitambua, ajitambue kimoyomoyo na akae kwenye dawati lake.

Wengi waliosimama hapa mbele wamesimulia chupa. Mimi chupa naijua, lira-lira, gongo letu la hapa, na mimi tumelala kitanda kimoja mwaka mzima. Lakini kwangu chupa ilifuata nyuma. Kilichonitangulia ni mpira. Naona vijana mmekaa sawa mliposikia mpira. Subirini, mtachukia.

Mwaka sabini na tisa baba yangu alikuwa askari wa serikali iliyopinduliwa. Sina haja ya kuwaeleza watu wa Koboko watoto wa askari walipatwa na nini mwaka ule. Tulitembea kwa miguu mpaka Sudan, tukaingia kambini, tukapewa kadi ya posho yenye vichwa vyetu vyote. Na bibi yangu, mzaa baba, akafia kule kule mvua za kwanza zilipoanza. Tulimzika alfajiri, wanaume wanne na jembe moja, bila kilio, maana kilio kingemfikia mwenye orodha na kadi yetu ingepungua kichwa kimoja. Mama yangu aliuma kitambaa ili asilie. Bibi akaendelea kula mahindi na mafuta kwa miezi saba. Siku ya kuhesabiwa tulimwazima bikizee wa jirani, akaketi mlangoni kwetu amejitanda shuka, akahesabiwa, akarudi kwao.

Nawauliza, nani hapa hajala posho ya marehemu? Msinicheke. Yule mzee wa dirishani anacheka sana kwa sababu na yeye aliwahi kuazimwa. Sisi hatukuuita uongo. Tulikuwa tunaishi tu. Nawaambieni hilo mapema ili msijiulize baadaye kwa nini mimi, mtu mzima na akili zangu, sikushtuka pale nilipopaswa kushtuka.

Tuliporudi, nilikuwa kijana wa mguu wa kushoto. Nilikuwa na mbio, na mpira ulinisikia. Nikaenda Arua kutafuta riziki, nikawa napakua magunia kwenye malori, na jioni nacheza na wapakuaji wenzangu. Hapo ndipo mwenye timu aliponiona. Alikuwa mfanyabiashara mwenye malori mawili na timu moja, na timu yake ilikuwa ligi daraja la pili.

Ndugu zangu, mkisikia daraja la pili msidhani ni kitu. Tuliitwa wachezaji wa kulipwa. Malipo yenyewe ni ugali wa posho na maharage, soda tukishinda, na nauli ya kwenda nyumbani kama mwenye timu ameamka vizuri. Tulibadilishia nguo kwenye darasa lenye popo juu ya dari, na mkojo wa popo mnaujua harufu yake. Jezi zilifuliwa mara moja kwa mwezi. Ukivaa jezi ya Jumamosi iliyopita, unavaa jasho la mtu mwingine limekauka likawa gumu kifuani. Hayo yote nilikuwa nayaona mazuri, maana nilitoka kwenye magunia.

Winga wa kushoto wa timu ile alikuwa kijana wa hapa hapa Koboko, wa nyumba ya Kiislamu, ambaye familia yake nayo ilikimbia mwaka ule. Alisajiliwa, akapewa leseni yenye picha yake, halafu kabla ligi haijaanza akavuka kwenda Zaire kuuza samaki wakavu. Huko akashikwa na homa. Wiki moja, kwisha. Wakamzika kule kule. Dereva wa lori la mwenye timu ndiye aliyeleta habari, akawaambia watu wawili tu, mwenye timu na baba mkubwa wa marehemu. Na usajili ulikuwa umefungwa. Zilibaki siku kumi tufungue ligi.

Mwenye timu akaniita dukani kwake, akaniketisha juu ya gunia la chumvi. Katibu wa timu alikuwepo, mwalimu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote Arua.

"Mguu yako iko ya kushoto," mwenye timu akasema. "Ya marehemu pia ilikuwa ya kushoto. Unaona? Mungu mwenyewe amepanga."

"Na jina, mzee?"

"Jina iko. Jina haifi."

Katibu akacheka, na mimi nikacheka. Hapo hapo, mbele ya macho yangu, akachukua leseni ya marehemu akaikwangua picha kwa wembe. Akabandika ya kwangu kwa uji wa muhogo. Muhuri ulikuwa umekatika nusu, kwa hiyo akachonga mwingine kwa kipande cha muhogo mbichi, akauchovya wino, akagonga. Ulipendeza kuliko ule wa ofisini. Sikuuliza ile picha iliyokwanguliwa imekwenda wapi, na sikuitazama hata sura. Niliwaza namba mgongoni tu.

Mwenye timu akapanda lori mpaka Koboko na mfuko wa sukari na katoni ya sabuni. Mnakumbuka sukari ilivyokuwa adimu miaka ile. Akazungumza na baba mkubwa. Wakakubaliana kwamba msiba usitangazwe, matanga yasikaliwe, dua isisomwe mpaka ligi iishe. Akiulizwa mtu wa nyumba ile, ajibu kwamba kijana yuko Arua anacheza mpira. Mama mzazi hakuulizwa. Aliambiwa tu, na akaambiwa asitoe sauti.

Mechi ya kwanza, kabla ya kuingia uwanjani, refa anapanga timu mstari, ana leseni mkononi, anaita jina, unatoka mbele unaitika. Aliita jina la yule kijana. Nikatoka mbele nikasema, "Niko!" Wenzangu waliangalia viatu vyao. Wote walijua, na wengine walikuwa wamekula naye sahani moja. Baada ya dakika ishirini nikafunga goli.

Sasa hapa nitasema ukweli ambao unanitia kinyaa mpaka leo. Nilipenda. Uwanja mzima uliliimba lile jina, na mimi nikakimbia nimenyoosha mikono kana kwamba ni langu tangu tumboni. Wamama wa sokoni Arua wakaanza kunikatalia kulipia ndizi. Watoto walinifuata njiani wakiniita kwa jina la maiti, nami nageuka na kucheka. Baada ya mechi sita, mtu akiniita kwa jina langu mwenyewe sigeuki haraka. Mama yangu mzazi alikuja siku moja kunitafuta kwenye malori, akauliza kwa jina alilonipa yeye, wakamwambia hakuna mtu kama huyo hapa.

Tulipokwenda kucheza Koboko, niliugua malaria kwa amri. Mwenye timu alinitazama mchana nikiwa mzima kabisa nakula chapati akasema, "Wewe Jumamosi iko na homa." Nikalala na homa yangu ya amri Arua, maana hapa Koboko watu walimjua yule kijana sura.

Lakini wafanyabiashara wanakwenda na kurudi, na habari zinapanda malori pamoja na nyanya. Hapa Koboko ikajulikana kwamba kijana wa nyumba fulani anang'ara Arua. Fikirini yule mama. Anateka maji, mtu anamwambia hongera. Anaenda sokoni, mtu anampa mkono. Mtoto wake yuko chini ya udongo wa Zaire na watu wanamhesabia magoli.

Alivumilia miezi mitatu. Halafu akafunga kanga yake, akapanda lori la muhogo, akaja Arua peke yake. Dada yake alikuwa ameolewa Manibe, nje ya mji, akafikia huko. Jumamosi ile akaja uwanjani, akaketi kwenye nyasi pamoja na wamama. Hakuja kututangaza. Kama angetaka kututangaza, angefungua mdomo tu, na ligi yetu ingekwisha siku ile. Mama mmoja wa mashabiki alimuuliza, dada, wewe ni wa timu gani, umetoka wapi. Akajibu ametoka Koboko, akataja jina la mtoto wake, akasema yeye ndiye mama yake.

Mungu wangu, watu wale! Wakamnyanyua. Mechi ilikuwa imekwisha, tumeshinda mbili bila, zote mbili za mguu wangu. Wakaja naye katikati ya uwanja wanaimba, "Mama yake! Leteni mama yake!" Mimi nikasimama pale na jezi ile ngumu. Mwenye timu alikuwa karibu yangu, akanisukuma kiunoni kwa vidole viwili akasema chini chini, "Kumbatia. Kumbatia haraka."

Nikamkumbatia. Nikasema, "Mama." Nikasema kwa sauti, ili watu wasikie. Mikono yake ilibaki chini kwanza. Halafu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama, ikapanda ikanipiga mgongoni mara mbili, namna unavyompiga mtoto aliyepaliwa. Watu wakapiga vigelegele. Na yeye akaniambia sikioni, sauti ndogo kabisa, "Picha yake iko wapi? Jina mumechukua, sawa. Nipe tu picha."

Mimi nimefanya mambo mengi machafu kwa lira-lira. Nimelala mtaroni, nimejiharia, mke wangu mtarajiwa wakati ule alinikuta hivyo akageuza njia. Hakuna uchafu uliowahi kunibana kama ule usafi wa kanga yake kwenye kifua changu.

Jioni ile nikamfuata katibu, nikamuuliza ile picha aliyoikwangua aliiweka wapi. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Akafikiri kidogo, kalamu mdomoni, akajibu, "Nilitupa kwa choo, pamoja na wembe. Kwani ulitaka ya nini?" Akaendelea kuweka alama zake.

Kesho yake nikatembea mpaka Manibe. Nilimkuta anapepeta karanga nyuma ya nyumba ya dada yake. Alinipa kigoda, akanipa maji. Sikuweza kuyanywa.

"Mama, picha haiko."

"Haiko namna gani?"

"Walitoa kwa wembe. Walitupa chooni."

Ungo wake ulisimama, halafu ukaendelea. Akasema, "Mutoto yangu mumemutupa kwa choo." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akanieleza kwamba walipokimbia mwaka ule, sanduku lao la bati lilibaki barabarani na kila kitu. Kijana alikuwa mdogo. Baada ya hapo hawakuwahi kupiga picha, nani alikuwa na nafasi ya picha? Picha ya leseni ilikuwa ya kwanza na ya mwisho ya utu uzima wake. Alipigwa na yule wa kamera ya sanduku pale soko la Arua, na yule hakuwa anabakiza nakala. Kaburi liko Zaire, yeye hajaliona, na miguu yake haitafika. Alitaka sura tu.

"Kila siku watu wananiamukia," akasema. "'Mama, hongera, mutoto amefunga mbili.' Na mimi nasema asante. Unasikia? Mimi nasema asante!"

Nikayaweka yale maji chini.

"Kule kambi, baba yake alikufa, mimi pia nilificha. Miezi tatu nilificha, watoto wapate kula. Ilikuwa njaa. Sasa nyinyi, njaa yenu iko gani? Mpira?"

Sasa sikilizeni nilichojibu, ndugu zangu, na mnidharau, ni haki yenu. Sikusema nimekosa. Nilimwambia, "Mama, vumilia, zimebaki mechi nne tu. Tukipanda daraja, mzee atafanya dua kubwa, atachinja ng'ombe." Nilimbembeleza kwa sauti nzuri, nimepiga magoti kwa adabu zote, ili maiti wake aendelee kukimbia winga ya kushoto. Akaniangalia sana. Akachota karanga, akazifunga kwenye jani, akanipa nile njiani, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu. Nilizitupa kabla sijafika barabarani.

Hapo sasa ndipo chupa ilipoingia. Nilikunywa Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi refa akaita jina, nikaitika na ulimi mzito, nikacheza, na bado nikafunga, maana mabeki wa daraja la pili nao walikuwa wamekunywa. Tukafika mechi mbili kabla ya mwisho tukiwa juu ya jedwali. Mwenye timu akachinja mbuzi, akatualika uani kwake mchana wa Jumapili.

Nikaona hapo ndipo mahali pa kuuliza. Nikamwambia, mzee, ligi ikiisha wiki mbili zijazo, msiba wa Koboko utatangazwa lini, nikamweleze yule mama.

Alikuwa ameshika mfupa. "Nani amesema inaisha?" akauliza. "Tukipanda, leseni inapanda na sisi. Marehemu atacheza mwaka kesho. Na mwaka ingine, kama mguu iko. Wewe ukichoka, tutatafuta mutu ingine ya kushoto."

Wakacheka wote. Katibu alicheka mpaka akapaliwa na nyama. Mwenye timu akanipiga begani kwa upendo, na mkono ule ulikuwa na mafuta ya mbuzi, ukaacha vidole vitano kwenye shati langu. Nikatazama mdomo wake ukitafuna. Nikatazama wenzangu wanavyolamba mifupa. Nikajitazama na mimi, sahani imejaa. Nikaenda nyuma ya lori nikatapika kila kitu, mpaka maji ya njano. Haikuwa pombe, siku ile sikuwa nimeonja.

Nimekwisha sema kwamba tulimficha bibi. Lakini bibi tulimficha miezi saba, na tulipovunja kambi mama alimlilia siku tatu mfululizo, kilio alichokuwa amekiuma. Hawa hawakuwa na siku ya kumlilia mtu. Walikusudia asife kabisa. Na mimi ndiye niliyekuwa napumua kwa niaba yake.

Nikiwa nimeinama pale, nikakumbuka kitu. Mchezaji anaposajiliwa anapeleka picha mbili. Moja inabandikwa kwenye leseni, nyingine inabaki kwenye fomu, ofisi ya ligi. Katibu alikwangua leseni tu. Fomu hakuigusa, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kulinganisha, maana kulinganisha ni kazi.

Jumatatu asubuhi nikaenda. Palikuwa na karani mmoja, mzee mkavu, ana karanga kwenye droo ya mafaili. Nikampa lile jina, nikasema naomba kuona fomu. Akaitafuta, akaifungua, akaigeuza kwangu. Ndipo nikamwona yule kijana kwa mara ya kwanza.

Hatukufanana hata kidogo. Alikuwa na masikio madogo na kovu juu ya nyusi. Kola ya shati ilikuwa kubwa, bila shaka la kuazima. Alibana midomo kama mtu aliyeambiwa asicheke, na jicho moja lilikuwa limeshaanza kucheka. Miezi minne nilikuwa naitika jina lake na sikuwahi hata kujua kwamba ni mtoto wa utani. Karani akatazama picha, akanitazama mimi, mtu ambaye alikuwa amemwona uwanjani kila Jumamosi. Akaacha kutafuna.

"Mzee, naomba hii picha."

"Hii mutu kwa kitabu iko hai," akasema polepole. "Picha ya mutu hai siwezi kutoa."

"Na kama amekufa?"

"Kama amekufa, mutu anaandika, anatia sahihi, faili inafungwa. Faili ikifungwa, picha inarudi kwa familia." Akafunga droo yake ya karanga. "Lakini mutu akiandika, mwanangu, ataandika pia nani alikuwa anacheza. Unafahamu?"

Nilifahamu. Nilijua jedwali lote kwa moyo. Tulihitaji pointi mbili tu. Nikamwomba karatasi. Siwezi kudanganya kwamba ulikuwa ujasiri. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Mwishoni nikatia sahihi jina langu mwenyewe, na nilikosea herufi ya kwanza nikaikata, kwa mazoea mabaya. Karani akasoma yote, akagonga muhuri wake wa kweli. Akaingiza kisu chini ya picha taratibu, akaitoa nzima. Akaifunga kwenye karatasi ya daftari akanipa kwa mikono miwili.

Yaliyofuata mnayajua, nyie mliokuwepo. Pointi zote zilifutwa, timu ikashushwa, mimi nikafungiwa maisha. Mwenye timu hakufungiwa, alisema alidanganywa na wachezaji. Baadhi yenu mnamsalimia mpaka leo kwa heshima. Habari zilipofika sokoni, mashabiki walinikuta kituo cha malori, na wamama walionipa ndizi walikuwemo. Walinipiga kwa mawe na kwa miti. Na nawaambia walikuwa wanasema nini wakinipiga. Walikuwa wanalia, wanasema, "Umemuua! Umemuua winga wetu!" Goti langu la kushoto lilivunjikia pale, ndiyo maana mnaniona napanda ngazi hizi kama bata. Kifuani nilikuwa nimekumbatia karatasi ya daftari, hawakuipata.

Dereva mmoja wa Kikongo, Mkristo wa Aru aliyekuwa anapita na mbao, akasimamisha gari akawafokea, "Munaua mutu juu ya mupira? Muko wazimu?" Akaniinua mwenyewe akanilaza juu ya mbao zake. Nikamwomba anilete Koboko kwanza, maana yule mama alikuwa amesharudi kwake, hospitali baadaye.

Nilifika kwa yule mama uso umevimba, nabebwa. Nikampa karatasi. Aliifungua mlangoni, akaiangalia, na akatoa ile sauti. Miezi minne ilikuwa ndani yake. Majirani walikuja mbio kutoka kila upande, mikono ina unga, mikono ina udongo. Baba mkubwa alitoka kutaka kumnyamazisha, mwanamke mmoja akamwambia akae chini, na akakaa. Wakatandika mikeka. Mtu akaenda kumwita sheikh.

Picha ikapita mkono kwa mkono kwa wamama. Ikafika kwa bikizee mmoja aliyekuwa amempongeza yule mama mara nyingi kuliko wote, akaisogeza karibu na macho, akasema kwa mshangao, "Lakini hii si ndiyo ilikuwa inafunga magoli Arua?"

Yule mama akaichukua picha yake. "Hii haikufunga hata goli moja," akasema. "Hii ni mutoto yangu."

Ndugu zangu, mimi nilipona kwa kazi ya watu. Namshukuru yule dereva, sijui kama yuko hai. Namshukuru karani aliyeniambia gharama kabla sijaandika, angeweza kunyamaza. Namshukuru shangazi yangu wa Inde, aliyenilaza kwake mwaka mzima, akanifungia mlango nilipokuwa natetemeka kwa kukosa lira-lira, akanipa jembe nilipoweza kusimama. Nawashukuru nyinyi. Na yule mama namshukuru kuliko wote. Siku ya tatu ya matanga aliniita, nikadhani ananifukuza. Aliniuliza jina langu nani. Nikamwambia. Akaniagiza nikakate kuni, kwa jina hilo, pamoja na vijana wengine wa nyumba.

Funzo langu si refu. Mtu akifa, mwacheni afe. Mlilieni, mfuteni, mnyang'anyeni namba. Mkimweka hai kwa faida yenu mtalazimika kumuua mara ya pili, na mara hiyo damu ni yenu. Nilidhani nimelimaliza hili kule Arua. Sivyo, na ndicho kilichonifanya niombe kusimama leo.

Tangu mwaka jana kikundi hiki kimezika wawili. Wote tulikuwepo makaburini. Na kila Jumamosi mama mwenyekiti anafungua daftari anaita majina, kwa sababu wafadhili wanaleta sabuni na chumvi kwa hesabu ya vichwa. Anaita majina yale mawili, na kila mara kuna sauti inaitika kutoka madawati ya nyuma. Mnatazama chini sasa. Tazameni tu, hata mimi nilitazama chini, na sabuni yenyewe tunagawana. Ya mwezi uliopita nilioga nayo mimi.

Mama mwenyekiti, uniwie radhi, najua ulitaka nimalize kwa wimbo. Daftari liko mbele yako. Leo ukifika kwenye yale majina mawili, yaite kama kawaida. Nawaomba walioko nyuma wafunge midomo, tusikie vile hakuna mtu anayeitika.